Nguo za Watu Kwanza

Siku niliyokabidhi funguo za landri, Rehema alinishika mkono akaniambia, "Bibi, tuandikie basi zile nguo za baiskeli zinatunzwaje. Zikihamia huku hotelini kama ulivyosema, tutamuuliza nani?" Nikamjibu mimi mtu wa sabuni, kalamu nimeijulia wapi. Lakini sasa nimekaa nyumbani miezi miwili na mikono haina kazi. Mapazia nimeyafua mara tatu. Baba Salim, mume wangu, ameniomba niyahurumie.

Basi naandika, kwa ajili yenu mliobaki pale hotelini. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitasema juu ya kazi, na juu ya zile nguo za baiskeli zilizoanza kwenye sanduku moja zikaishia kuijaza nyumba yangu hapa Bagamoyo. Na itabidi niseme juu ya binti yangu Zuhura, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alifariki miaka saba iliyopita kwenye barabara ya Kaole, akiwa juu ya baiskeli yake. Kuna jambo katika kifo kile nililijua nikalinyamazia, sikumwambia hata baba yake, nikamwacha abebe lawama isiyokuwa yake. Sikukusudia kuliandika. Nimejaribu kueleza nguo bila kulieleza hilo, nimeshindwa.

Niliingia landri nikiwa mama wa mtoto mmoja, Salim, ambaye sasa yuko Tanga na ana watoto wake. Msimamizi alikuwa Bi Tausi, mwanamke wa Pangani, mwembamba kama ufito, sauti yake ikisikika mpaka jikoni. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa mashine. Nikapewa shuka. Shuka moja! Nikalikunja, akaja akalikunjua, akasema, "Tena." Nikalikunja, akalikunjua. Asubuhi nzima tulicheza mchezo ule, wenzangu wakinitazama kwa pembe ya jicho. Saa sita akalipokea, akalipiga kofi moja, akaliweka rafuni. Hakusema nimefanya vizuri. Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye hakumwambia mtu neno hilo, na nilipokuja kuwa msimamizi mimi nilimuiga. Mnisamehe.

Alinifundisha mambo mawili ambayo hayajanitoka. La kwanza, doa ni habari. "Usikimbilie kulifua," alikuwa akisema. "Lisome. Liko wapi? Limetokana na nini? Huyu mtu alikuwa anafanya nini?" Angeshika shati la mgeni akakwambia huyu ana jino bovu, anatafunia upande mmoja, na wallahi ukimchungulia mezani ni kweli. La pili alilisema kila jioni tulipotaka kupitisha sare zetu kwenye mashine: "Nguo za watu kwanza. Zenu zitafuata." Kinyozi hajinyoi, bwana. Tulirudi nyumbani na sare zina jasho tukiona ndiyo heshima ya kazi, na mimi niliona hivyo kuliko wote.

Nguo za baiskeli zilikuja baadaye, pale vikundi vya waendesha baiskeli kutoka Dar vilipoanza kulala hotelini kwetu Jumamosi. Kapu la kwanza lilitushangaza. Bi Tausi akanyanyua kaptura moja kwa vidole viwili, akaona ule mto wa sponji ulioshonewa katikati, uso ukambadilika. "Masikini," akanong'ona, "mtu mzima, sijui anaumwa nini." Kwa huruma tukaichemsha na dawa kama nguo za mgonjwa, kimyakimya, tusimuaibishe mwenyewe. Sponji ikaumuka kama kitumbua. Mgeni akaja kuichukua, akaitazama, akatutazama sisi. Alikuwa muungwana, akacheka, akatueleza kwamba ule mto ni wa kupunguza maumivu ya kukaa kitini saa nne, tano. Bi Tausi akamjibu kwamba mtu akiumizwa na kiti dawa yake ni kuinuka.

Mimi nikafuata na kosa langu. Nikapiga pasi jezi. Zile nguo za kuvutika haziijui pasi. Iliganda kwenye chuma ikanuka kama kandambili iliyoungua, na namba ya mgongoni ikabaki kwenye pasi mpaka pasi yenyewe ilipotupwa. Yule mgeni mwenye jezi alikuwa mama wa makamo. Badala ya kunishtaki kwa meneja akaja landri, akavuta kigoda, akanifundisha, na mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifokea kidogo kama yule. Alinieleza hivi, nami nawapa nyinyi: igeuze nguo ndani nje, maji ya baridi, sabuni kidogo ya maji. Ile dawa ya kulainisha nguo msiiweke, inaua mpira. Msikamue kwa kusokota. Anikeni kivulini. Nililoongeza mimi ni kwamba maji ya mwisho yasiwe ya kisima, maana visima vyetu vina munyu, chumvi ile ya baharini, na munyu ukikauka kwenye mshono unaula uzi taratibu, siku moja mtu anainama na kaptura inampasukia mbele za watu.

Wageni husahau vitu. Kanuni ilikuwa kitu kisichodaiwa kikae stoo miezi mitatu, kisha wafanyakazi wagawane. Mataulo yaligombewa, miwani ikagombewa, hata kiatu kimoja kisicho na mwenzake kilipata mtu. Nguo za baiskeli hakuna aliyezitaka. "Nani avae hii apite nayo sokoni?" Mimi nikaona ni dhambi kutupa kitu kizima. Nikabeba jezi tatu na kaptura mbili, nikazitia kwenye sanduku chini ya kitanda.

Haikupita muda akaja Seif, fundi baiskeli wa hapa mjini. Alikuwa na vijana wake wanaoendesha kila Jumamosi asubuhi, wamevaa jinzi na malapa.

"Shikamoo Bi Mwanaidi. Nasikia una nguo."

"Marahaba. Ninazo, lakini ni za kuazima, na zirudi zimesuuzwa."

Zikarudi zimesuuzwa. Waendesha baiskeli wa Dar waliposikia wakaanza kumpa Seif nguo zao za zamani, naye akaniletea kwa mifuko. Sanduku likafurika. Baba Salim ni seremala, akanitengenezea kabati la kwanza kwa mabaki ya mninga, likakaa ukumbini. La pili likaingia chumba cha wageni, wageni wetu wakawa wanalala na helmeti. La tatu halikuwa na pa kukaa ila chumbani kwa Zuhura. Alikuwa na miaka kumi na nne. Alinisaidia kupanga, akijaribisha helmeti moja moja kwenye kioo na kunitolea sura za kila aina. Akalala miaka mitano mle ndani akitazama nguo za baiskeli, kisha sisi wazazi tukashangaa alipotaka baiskeli.

Mpangilio wangu ni huu, Rehema, na uushike. Usipange kwa rangi. Rangi inapendeza macho, lakini mtu anayetoka asubuhi na haraka zake hatafuti rangi, anatafuta inayomtosha. Mimi nilipanga kwa kimo, na kila nguo nikaitia fundo la uzi kwenye kola au kiunoni: jekundu ndogo, kijani za kati, jeusi kubwa. Jezi zikae juu, kaptura chini yake sponji ikitazama hewa, glovu na soksi ndani ya foronya kuukuu. Mifuko ya nailoni ikae mbali kabisa. Kwa joto letu hili, kitu ukikifungia kwenye nailoni wiki moja unakikuta kimeota ukungu. Zipu zipake mshumaa zisiliwe na chumvi. Weka kopo la mkaa kila rafu linyonye unyevu, na karafuu chache kwa ajili ya wadudu. Rafu ya pembeni ni ya nguo za kurekebisha, hiyo usiiache ijae. Chini kabisa nilikuwa na rafu ya nguo za nyumbani kwangu mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyojaa.

Na msizifukize udi! Nalisema kwa sababu najua mtajaribu. Sisi watu wa pwani nguo ya kutokea isipopita udi tunaiona haijakamilika. Idi moja Seif na vijana wake walikuwa wapite mjini kwa msafara, nikaona nisiwaache watoke kikavu. Nikaweka chetezo chenye makaa na udi, juu yake lile tenga la fito la kufukizia nguo, nikatandaza jezi na kaptura, nikaenda kukuna nazi. Kurudi, jezi tatu zimetoboka matundu ya kupita kidole, na kaptura zimeshika udi kwenye sponji hata kuzifua mara nne haukutoka. Vijana wakapita mjini wananukia kama mabwana harusi. "Bi Mwanaidi," akanipigia kelele mmoja kutoka barabarani, "leo tunakwenda kuposa wapi?" Zuhura alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, amejishika ubavu, machozi yanamtoka. Habari ya udi nawaambia kwa faida yenu, lakini ukweli nimeiandika kwa ajili ya kile kicheko.

Alipomaliza masomo alipata kazi ya kufundisha chekechea Kaole. Kutoka kwetu si mbali sana, lakini kwa miguu kila siku jua linakumaliza, na bajaji huipati saa unayoitaka. Baba yake akamnunulia baiskeli iliyokwishatumika, ya bluu, yenye kikapu mbele na mnyororo ulio wazi. Mtaa ukasema. Wifi yangu mkubwa, dada yake Baba Salim, akasema kuliko mtaa mzima. Baba Salim akawajibu kwamba binti yake anamwamini, na nati amezikaza kwa mkono wake mwenyewe. Nilimpenda sana siku ile.

Zuhura alikuwa akiendesha na dera, kama mnavyovaa nyote, pana, refu, la kupepea. Wiki ya kwanza tu akaniambia, "Mama, dera linanitatiza kwenye mnyororo. Nishonee nguo ya kuendeshea." Akanichorea nyuma ya daftari: suruali nyeusi ya kuvutika mpaka kifundoni, juu yake shati refu la magotini lenye mpasuo pembeni, na mtandio wa kushona usiofunguka kwa upepo, mwembamba uingie chini ya helmeti. Ilikuwa nguo ya stara, ameifikiria. Vitambaa vya kukata nilikuwa navyo, kabatini mlemle chumbani mwake. Nikampima, nikakata, nikabana kwa pini. Ilibaki kushona tu, kazi ya jioni mbili.

Kisha Seif akaleta jezi ishirini na mbili zimekufa zipu, vijana wana mashindano. Nikazitanguliza. Zilipoisha zikaja kaptura za kushonwa mipira. Kila alipouliza nikamwambia, "Kawia ufike, mwanangu. Wiki ijayo." Hakununa. Alizoea, kwa maana nyumbani kwetu hata sare zake za shule zilikuwa zikisubiri foleni nyuma ya nguo za wageni. Tangu Bi Tausi astaafu na kuniachia ile meza yake ya kukunjia, neno lake nilikuwa nimelishika kama wasia: nguo za watu kwanza.

Sasa nifike pale. Siku moja Zuhura aliniletea dera lina grisi kwenye pindo, upande wa kulia. Nikamkaripia kidogo, nikalichukua. Grisi ya mnyororo, mjue, haitoki kwa sabuni peke yake. Isugueni kwanza kwa mafuta ya kula iyeyuke, kisha sabuni ya mche na mswaki mkuukuu, kisha maji ya vuguvugu. Ilitoka yote. Nikalianika, nikamwita aje aone. Wiki iliyofuata akaleta dera la pili. Pindo lilelile, upande uleule, na safari hii pamechanika kidogo. Nikaitoa grisi, nikapashona palipochanika kwa uzi wa rangi yake, hata ukitazama huoni. La tatu, hivyohivyo. Madera matatu, mahali pamoja! Mimi niliyesomeshwa madoa na Bi Tausi, niliyeweza kukuambia mgeni katokea wapi na kala nini, nilishika pindo la mwanangu mkononi mara tatu nisilisome. Niliona doa la kutoa. Na nilijivunia jinsi nilivyolitoa.

Mara ya nne dera lilishika kwenye mnyororo na halikuachia. Ilikuwa asubuhi, anakwenda kazini. Waliokuwepo walisema aliinama kulinasua, baiskeli ikayumba, akaangukia barabarani, na nyuma yake lilikuwa linakuja lori la mchanga. Dereva hakuwa na mwendo mbaya. Mimi nilikuwa landri, napanga foronya. Meneja alikuja mwenyewe kuniita, akasimama mlangoni hakuingia, nikajua.

Tulimzika siku ileile baada ya alasiri. Kwenye matanga wifi yangu alisimama mlangoni, kati ya sisi wanawake tuliokuwa ndani na wanaume waliokuwa barazani, akamwambia ndugu yake mbele ya watu wote: "Ulikuwa unatafuta nini kumnunulia mtoto wa kike baiskeli? Haya, umekipata." Watu wakainamisha macho. Baba Salim hakuinua kichwa. Akasema, "Nimekosa, dada."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, kwenye jamvi. Maneno yalikuwa mdomoni. Niseme kwamba mtoto aliomba nguo. Niseme kwamba nguo ipo, imekatwa, ina pini, iko rafu ya chini. Nikanyamaza. Niliogopa macho ya wale wanawake, na niliogopa zaidi macho ya mume wangu. Jirani mmoja akanishika mabega, akidhani nalia kwa maneno ya wifi.

Baada ya arobaini tukatoa nguo zake sadaka. Nilizipanga mwenyewe, kwa kimo, zimekunjwa za kupendeza. Vile vipande vilivyokatwa nikavitia kwenye foronya nikavirudisha chini ya kabati. Nikajiambia nguo isiyoshonwa si nguo, haina mwenyewe, haitolewi. Tazameni mtu mwenye hofu anavyojitungia sheria.

Baba Salim aliacha kukaa barazani na wenzake. Baiskeli aliikatakata kwa msumeno wa chuma, peke yake, uani, hakutaka kusaidiwa. Aliendelea na milango yake na vitanda vyake akisema kidogo, na mtu akitaja baiskeli alikuwa akiinuka. Wifi akija alikuwa akimkumbusha, kwa mafumbo, na yeye akipokea. Nami nikimkaribisha wifi chai. Lawama ile ilikuwa yangu, ikikaa kwenye kiti cha mwenzangu kila siku, na mimi nikipita nayo pembeni nimebeba sinia.

Hizo ndizo nyakati mlizonijua nyinyi, Rehema, mkanisifu kwamba Bi Mwanaidi ana mpangilio. Nguo zilipita mia tatu. Kila zipu niliishona siku ileile iliyoletwa. Rafu ya kurekebisha haikulala na kitu. Mkadhani ni bidii. Nilikuwa naogopa nguo inayosubiri.

Nikastaafu. Mwezi uliopita, mchana, akaja bwana mmoja na binti yake, wametumwa na Seif. Binti wa miaka kumi na minane hivi, anasoma Mbegani, anataka kuwa anakwenda kwa baiskeli. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo, nawasikia, Baba Salim ndiye aliyewapokea.

"Shikamoo baba," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Baba yake akaeleza kwamba wameambiwa hapa kuna nguo za kuendeshea, na yeye angependa binti apate yenye stara. Baba Salim akamgeukia.

"Baiskeli umeshanunua?"

"Bado, kaka. Kesho tunakwenda kuiangalia."

"Usinunue."

Yule bwana akacheka, akidhani ni utani. "Usinunue, ndugu yangu," Baba Salim akasema tena. "Nakuomba. Mimi nilinunua." Na sauti ikamkatika, mzee wa miaka sitini na tisa, mbele ya mtoto wa watu. Wakaaga haraka. Nilipotoka na povu mikononi walikuwa wanakata kona, binti amejifunika mtandio usoni. Nguo yake nilimshonea baadaye, kabla ya kazi nyingine yoyote, Seif akampelekea. Kama baiskeli walinunua, sijui.

Jamani, nilimkuta mume wangu amesimama katikati ya ukumbi anatazama mikono yake. Nikajua kwamba nikinyamaza na siku ile, atakwenda nayo kaburini, na nitakuwa nimemzika nayo mimi. Nikaingia chumba kile, nikaleta ile foronya, nikatoa vipande kimoja kimoja mezani. Pini zilikuwa zimeshika kutu.

"Nini hivi?" akauliza.

"Nguo ya kuendeshea. Mtoto aliniomba. Nikakata, sikushona. Nilitanguliza za watu." Nikamwambia na grisi, madera yote matatu, na jinsi nilivyoyatakasa. "Si baiskeli, Baba Salim. Baiskeli yako ilikuwa nzima. Ni dera, na dera ni juu yangu. Nilikusikia unasema nimekosa mbele ya dada yako, nikakuacha."

Nilitegemea anifokee. Niliomba anifokee. Akavuta kiti, akakaa, akachukua kipande cha mguu wa suruali akakinyoosha juu ya goti lake.

"Aliniambia," akasema.

"Alikuambia nini?"

"Asubuhi ile alipita karakana. Akasema, Baba, leo bora niende kwa miguu, mama hajamaliza nguo yangu na hili dera linanishika. Nikatazama jua, nikaona atachelewa, watoto wa watu watakaa nje. Nikamwambia likunje, lifunge kiunoni, panda uende." Akakikunja kile kipande mara mbili. "Akanitii. Angekuwa mkaidi, angekuwa hai."

Nikakaa sakafuni.

"Mbona hukusema? Miaka yote hii?"

"Ningesema hilo, wangeuliza nguo gani. Wangekuja kwako."

Basi alijua. Mimi nikidhani namficha, naye alikuwa ananisitiri. Aliichukua lawama ya baiskeli akaiweka mbele ya watu ili wasitafute kingine nyuma yake. Nilitaka kumwambia si kosa lako. Sikulisema, wala yeye hakuniambia mimi. Sijui kama lingekuwa la kweli kwa yeyote kati yetu. Tulikaa hivyo, yeye kitini mimi chini, mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Hakwenda msikitini. Tukatawadha, akatandika mikeka miwili, yeye mbele mimi nyuma, tukaswali. Kwenye dua, miaka hii yote, amekuwa akisema "marehemu wetu", basi, nami naitikia. Siku ile aliinua mikono. Kisha akasema, "Zuhura." Akasubiri kidogo. "Zuhura wetu." Tangu tumzike nilikuwa sijamsikia akilitaja jina lile. Akalirudia, akalirudia, sauti ikawa inamwishia, na mimi nyuma yake nikaitikia amina kila mara, mpaka sauti yake na yangu hazikusikika tena kama maneno.